Mtani wa Mwanga

1

Somo la kwanza la kurekodi pacha ni jepesi mno: kaa kimya dakika mbili, mdomo umefungwa, macho kwenye jicho la kamera, uso wa mtu anayemsikiliza mwenzake kwa mapenzi. Dakika mbili tu. Nimerekodi wachungaji, nimerekodi wauza nyanya, nimerekodi mwanasheria mwenye kwikwi. Wote waliweza. Aliyenishinda ni babu yangu mzazi.

"Babu, umetabasamu sekunde ya kumi na moja."

"Sijatabasamu. Meno yalikuwa yanapunga hewa."

"Tunaanza upya."

"Anza. Mimi na wewe nani ana haraka? Mwenye haraka ni goti."

Tulikuwa chumba cha mbele, nyumbani kwetu Mjimwema, Songea, ambako ndiko ofisi yangu. Taa mbili mbele yake ili uso usigawanyike nusu mchana nusu jioni. Ukuta mtupu nyuma. Nilikuwa nimemvua lile shati lake la mistari analolipenda, maana mistari humfanya pacha atetemeke kama mwenye malaria, nikamvalisha la bluu. Mikono chini ya kifua. Babu Otmari Gama, miaka sabini na tisa, akakaa pale kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho cha mbinguni.

Sababu ya yote ilikuwa Jumamosi. Jumamosi saa nne asubuhi, hospitali, mkono wa chuma wa roboti ulikuwa umpasue goti na kumwekea jipya. Foleni ya mkono ule ni miezi kumi na minne. Ukikosa siku yako unarudi mkiani, na goti la Babu lilikuwa limeshaanza kulia kama bawaba ya geti. Na Jumamosi hiyohiyo, saa hiyohiyo, Imakulata Nyenza alikuwa anaolewa Iringa.

Kwa asiyekulia huku kwetu: Mngoni na Mhehe ni watani. Mababu walipigana wakachoka, wakakubaliana vita iendelee kwa mdomo. Mtani akikutukana hukasiriki; ukikasirika, umeshindwa vita. Na kwenye ukoo wa akina Nyenza, mtani ndiye anayeziba mlango siku ya harusi. Bibi harusi hatoki ndani mpaka mtani ajibiwe vizuri, acheke, apishe mwenyewe. Babu alikuwa ameziba mlango kwa watoto wote sita wa Mzee Kasiano Nyenza. Imakulata alikuwa mjukuu wa kwanza.

"Nikikosa huo mlango," Babu aliniambia wiki nzima, "hilo goti jipya nitalipeleka wapi?"

Kupiga simu ya picha haikuwezekana, maana saa hiyo angekuwa amelala usingizi wa sindano. Ndiyo ikabaki pacha. Unampa mashine sura yako, sauti yako, saa chache za maongezi yako. Yeye anasimama mahali pako, anasikia, anajibu kama wewe. Sheria inataka awe na mstari mwembamba wa kijani shingoni ili asidanganyike mtu. Mengine yote ni wewe.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mzee Kasiano alikuwa ameshuka kwa treni ya asubuhi kutoka Iringa, kuleta kadi kwa mkono wake na kumwona mwenzake kabla ya kisu. Mimi nikajiona mjanja. Kitabu cha mafunzo kinasema: mtu akikakamaa mbele ya kamera, mkalishe mtu anayempenda pembeni mwa kamera, macho yatalainika. Nikavuta kiti, nikamkalisha Mzee Kasiano pembeni mwa kamera.

Kitabu kile kiliandikwa na watu wasio na watani.

"Rekodi upesi, kijana," Mzee Kasiano akasema, hata kiti hakijapata joto. "Rekodi kabla hajaanza kuharibika."

"Babu, tulia tafadhali," nikasema. "Macho kwangu. Vizuri sana, Babu."

Babu akatulia. Aliniahidi kimya, akanipa kimya. Jiwe.

"Wangoni mlitembea kutoka kusini miaka mingapi?" Mzee Kasiano akaendelea. "Mpaka leo hamjawahi kukaa chini mkapumzika. Halafu mnashangaa goti limekufa!"

Jiwe likapasuka. "We Kasiano! Tangu ushuke stesheni, mbwa wote wa Mjimwema wamekimbia kuliwa, wamehamia Mbinga! Jirani analia, hana wa kumlindia nyumba!"

"Wamehamia kwa sababu wamekusikia ukiimba."

"Jamani," nikasema. "Babu, nakuomba. Macho kwenye kamera."

Jiwe tena.

Ikaenda hivyo saa nzima. Na kauli ya ridhaa, Mungu wangu! Bila kauli ya ridhaa mashine haimtengenezi mtu. Lazima useme mwenyewe, sauti moja, bila kukatwa.

"Mimi Otmari Gama, kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu..."

"Uongo!" Mzee Kasiano akadakia.

Mashine ikakataa: sauti mbili zimesikika. Mara ya pili ikakataa: msemaji anacheka. Mara ya tano ikaniuliza mimi, kwa adabu zake zote, kama msemaji analazimishwa. Mara ya saba ikakubali, kwa sababu Mzee Kasiano alikuwa ameenda msalani.

2

Asubuhi ya Alhamisi pacha alikuwa tayari. Nikamwasha sebuleni. Kikasha chenyewe ni kama kipande cha sabuni. Ukikibandika juu ya fremu ya mlango kinashusha pazia la mwanga, na ndani ya pazia mtu anasimama, mzima, mpaka kunyanzi la shingo. Babu alikuwa kwenye kiti chake, anamtazama Babu.

"Mbona mfupi?" akauliza.

"Ndivyo ulivyo. Shikamoo, Babu," nikamsalimia yule wa mwangani.

Kimya. Akanitazama kwa mapenzi, mdomo umefungwa.

"Shikamoo, Babu. Habari za asubuhi?"

Kimya. Anapepesa macho tu.

Bibi Eusebia akaingia na chai. Akaliangalia pazia, akasema, "Otmari, chai." Kimya. "Otmari, nasema chai." Kimya.

Bibi akanigeukia. "Huyu ndiye hasa," akasema. "Umempatia."

"Bibi, ameharibika!"

"Hajaharibika. Miaka hamsini na mbili naishi naye hivyohivyo. Mzee mzima umesimama mlangoni kama gunia la mahindi, chai inapoa!"

Pacha akashtuka kama aliyechomwa sindano. "Gunia la mahindi halikukufuata kwenu! Wewe ndiye uliyekuja na debe lako kulikagua!"

Babu wa kwenye kiti akacheka mpaka akamwaga chai. Bibi akampiga kanga yule wa kwenye pazia, kanga ikapita upande wa pili.

Mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu nilishaelewa. Pacha hujifunza vitu viwili: unasemaje, na unasema lini. Mimi nilikuwa nimemfundisha, saa nzima, picha safi, mwanga safi, kwamba mtu akiongea kwa adabu, Otmari Gama hugeuka jiwe. Na mtu akimtukana, Otmari Gama hufufuka. Mashine haikukosea. Ilitutazama ikaandika ilichokiona.

Kurekodi upya haikuwezekana. Jioni ile Babu alikuwa analazwa kwa vipimo, na baada ya vipimo ni kufunga chakula na kamera hazivuki mlango.

"Kuna njia," nikamwambia. "Pacha ana mitindo miwili. Kuna kasuku: tunaandika maneno sasa hivi, kesho kutwa anayasema hayohayo, basi. Na kuna huru: anatunga mwenyewe, kama ambavyo wewe ungetunga."

"Weka huru."

"Babu, sikiliza kwanza."

"Mtani anayesema alichokiandika juzi ni mtangazaji wa mechi iliyokwisha. Weka huru."

"Utakuwa umelala!" Hapo sauti yangu ilipanda kidogo, nikaishusha. "Utakuwa umelala, umepasuliwa, na mdomo wako uko Iringa unatukana watu. Akimuumiza mtu, nani ataulizwa?"

"Mimi."

"Wewe uko usingizini."

Babu akanitazama. Akaweka kikombe chini. Ni mara chache sana nimemwona Babu akitafuta neno.

"Basi wewe," akasema. "Si kuna kitu cha kumzimia?"

Kipo. Kidhibiti kidogo, kina kitufe kimoja chekundu cha kuzima na kuwasha, kinakaa kiganjani.

"Nitajuaje kwamba amekosea?"

"Hapo sasa." Akajikuna goti. "Mimi mwenyewe huwa sijui kabla, mjukuu wangu. Huwa najua baada. Unasema, halafu unatazama. Mara mbili maishani nimetazama nikakuta nimemkata mtu. Nikaenda kwake kesho yake, nikamchotea maji, nikampasulia kuni, mpaka akanitukana tena. Lakini yule," akaonyesha pazia kwa kidevu, "hawezi kupasua kuni."

Nikafikiria kumweka kasuku kimyakimya, bila kumwambia. Ni kitendo cha sekunde moja. Angezinduka, ningemwambia harusi ilifana, angeamini. Nikafikiria pia uso wake akiuliza *nilisema nini*, nami nikimsomea orodha niliyoiandika mwenyewe.

Nikaweka huru.

3

Jumamosi, Iringa, nyumbani kwa Mzee Kasiano, Kihesa. Turubai, viti vya plastiki, harufu ya pilau. Nilikuwa nimebandika kikasha juu ya mlango mkubwa tangu saa tatu, na Babu wa mwanga akasimama pale katikati, shati la bluu, mikono chini ya kifua, anatazama uani kwa mapenzi.

Kadi ilisema bibi harusi atatoka saa nne. Saa sita alikuwa bado na watu wa nywele.

Shida ikaanza na wakwe. Walikuwa wametoka Lushoto, watu wa adabu zao, na huko kwao wana watani wao, lakini watani wao si sisi. Mjomba wa bwana harusi, Mzee Kijazi, suti ya kijivu, akaja kumsalimia mzee aliyesimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee wangu."

Kimya.

"Shikamoo, mzee. Sisi ndio wageni wenu."

Pacha akapepesa macho.

Mzee Kijazi akarudi kwa mkewe, wakanong'ona. Nikasikia "ana kinyongo". Nikasikia "mahari". Nikatoka mbio kwenda kumweleza, lakini yeye alikuwa ameshaamua kuwa mtu mzima hasimamishwi uani kama mtoto wa shule. Akajirekebisha tai, akaenda moja kwa moja mlangoni, akapita. Katikati ya Babu. Aliingilia kitovuni akatokea mgongoni.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapakua akabaki na mwiko hewani. Mwanga ni mwanga, kila mtu anajua unapitika. Lakini tangu asubuhi hakuna Mhehe hata mmoja aliyepita pale. Walikuwa wanazunguka mlango wa jikoni na masufuria yao, wazee kwa watoto, hakuna aliyewaambia.

Mzee Kasiano akainuka kwenye kiti chake.

"Otmari!" akanguruma. "Mkwe wangu anapita tumboni mwako kama panya ghalani, na wewe umetoa macho tu!"

Babu akafufuka. "Mwache apite! Humo ndani atakuta nini? Tangu asubuhi niko kwako, hata maji hujanipa! Mkwe, ukikuta kitu huko, nigawie nusu!"

Kicheko kilichopasuka pale nilidhani turubai litaanguka. Mzee Kijazi akachungulia kutoka ndani, akamwona yule mzee wa kinyongo akipiga makofi, akaelewa, au akaelewa nusu. Akatoka kwa kuzungukia jikoni.

Halafu bibi harusi akatoka chumbani, akaja mpaka mlangoni, akasimama upande wa pili wa pazia.

Imakulata anachechemea. Alianguka darini akiwa na miaka minane, mguu wa kushoto ukaunga vibaya, na mpaka leo unafika nyuma kidogo ya mwenzake. Ni jambo ambalo watu wote wanalijua na watu wote hawalisemi.

Babu wa mwanga, tusi la Mzee Kasiano likiwa bado limemchangamsha, akageuka, akamtazama. Akamtazama usoni, halafu akashusha macho taratibu mpaka chini kwenye pindo la gauni.

"Imakulata," akasema. "Kadi inasema saa nne. Sasa ni saa sita. Mguu wa kwanza ulitoka saa nne kamili, nimeuona mwenyewe. Nikasema ngoja tumsubiri mwenzake."

Mke wa Mzee Kijazi akaziba mdomo. Shangazi mmoja akasema "Yesu!" Bwana harusi, kule kwenye zulia, akapiga hatua mbele.

Nikabonyeza.

Pazia likaganda, Babu mdomo wazi nusu. Nikajisemea, umefanya vizuri, Bosko. Hiyo ndiyo kazi uliyopewa.

"Nani amemzima?" Imakulata akauliza.

Macho yote yakanigeukia.

"Bosko. Sogea hapa."

Nikasogea mpaka kwenye pazia, yeye upande ule, mimi upande huu.

"Mwenye mguu ni nani?"

"Ni wewe, dada."

"Ulipobonyeza ulikuwa unamtazama nani?"

Nilikuwa nimemtazama mke wa Mzee Kijazi. Nilikuwa nimemtazama shangazi, bwana harusi, nilikuwa nimetazama nyuso zote za uani ule isipokuwa wake.

"Tangu nina miaka minane," akasema, na hakuwa na hasira, alisema kama anayeniambia bei ya sukari, "watu wakiongea na mimi wananing'ang'ania usoni utadhani shingo zimewekewa chuma. Wanaogopa kushusha macho. Babu Otmari alikuja kuniona hospitali, akaangalia plasta, akaniambia, 'Sasa nyinyi Wahehe mnaanza kujijengea miguu ya saruji?' Nilicheka mpaka nesi akaja. Kila mwaka ananitania huo mguu. Leo ndiyo harusi yangu, unataka aniangalie usoni kama wengine?"

"Sikujua, dada. Na kama angesema kitu ambacho kweli..."

"Basi ningemzima mwenyewe." Akanyoosha mkono wenye glovu nyeupe, ukapita kwenye mwanga mpaka kwangu. "Leta."

Nikampa kidhibiti. Ni huo mkono wake mmoja tu uliovuka pazia. Miguu yote miwili ilibaki ndani, kwenye kizingiti, inangoja kupishwa. Akakishika pamoja na maua. Akabonyeza.

Babu akafunga mdomo, akatulia, jiwe la mapenzi. Anangoja.

Imakulata akavuta pumzi, akapaza sauti uani wote usikie. "Babu Otmari! Mguu wangu umechelewa, lakini umekuja! Goti lako liko wapi? Umekuja kula pilau la watu, tumbo lenyewe umeliacha Songea!"

Watu wakapiga yowe. Mzee Kasiano alikuwa amekaa chini, anajifuta machozi kwa tai.

Babu wa mwanga akatikisika mabega, kile kicheko chake cha kuanzia chini. "Nifungieni kwenye majani," akasema. "Nikizinduka nitakula." Akasogea kando, akainama, akaonyesha njia kwa mikono miwili.

Imakulata akatoka. Mguu wa kwanza, halafu wa pili. Vigelegele vya Kihesa siku ile vilisikika mpaka stendi.

Kidhibiti hakikurudi kwangu. Baada ya kanisa, pacha tulimhamishia ukumbini, na kila aliyetaka kutaniana naye alikwenda kumwomba bibi harusi kwanza, akakishika mwenyewe mkononi, akaanza kutukana. Wawili walimzima. Mmoja alikuwa mke wa Mzee Kijazi, sekunde ya tatu tu, akarudi kukaa, akanywa soda, halafu akaenda kujaribu tena.

4

Saa kumi jioni simu ikalia. Ilikuwa Bibi Eusebia, kutoka wodini.

"Amezinduka. Amemwambia daktari kwamba mkono wa chuma una adabu kuliko yeye. Chukua, ongea naye."

Sauti ya Babu ilikuja nzito, dawa hazijaisha. "Mjukuu."

"Babu! Pole! Harusi imefana, usiulize. Ngoja nikusomee ulichosema, nimekirekodi chote..."

"Nilichosema nakijua. Ni mimi." Akapumua. "Walinijibu nini?"

Nikamweleza. Goti liko wapi. Tumbo umeliacha Songea. Upande wa pili nikasikia nesi analalamika kwamba mashine ya moyo inapiga kelele na mgonjwa aache kucheka.

"Rudia," Babu akasema.

Nikarudia.

"Wewe hujui kutukana, unasoma kama taarifa ya habari. Bosko, hayo matusi ni yangu. Aliyeyasikia ni yule wenu wa mwanga, na yeye hayamsaidii kitu. Mpe simu Imakulata."

"Yuko anakata keki, Babu."

"Kwa hiyo?"

Nikapanda jukwaani na simu. Imakulata akaniona, akaniuliza kwa macho, nikaitikia kwa kichwa. Akamwachia bwana harusi kisu, akachukua simu, akaweka sauti ya juu.

"Babu Otmari! Nasikia wamekufungua goti wakakuta limejaa nauli ulizokula ukatembea kwa miguu!"

Kicheko kikatoka kwenye simu, kikaingia kwenye vipaza sauti, ukumbi wote ukageuka. Mzee Kasiano alikuwa ameshasimama, anakuja, tai begani. Nyuma yake shangazi. Nyuma ya shangazi yule mama wa mwiko. Nilipogeuka tena, foleni ilikuwa imefika mlangoni, watu wazima wamejipanga na sahani zao mikononi, kila mmoja anajaribu tusi lake chini kwa chini kabla zamu haijafika.

"Mmoja mmoja!" Babu akapiga kelele kutoka Songea. "Mmoja mmoja jamani, nina nyuzi!"